Ana GPA ya 3.9 ya sheria, Law School kapata sapu tano. Kosa liko wapi?

#1 Mzee Kihonda
Wakuu salaam. Mwanangu wa pili alimaliza LLB na GPA ya 3.9, nyumbani tukachinja. Kaenda Law School, ile shule ya vitendo anayopitia mtu baada ya LLB ili awe wakili, pale barabara ya Sam Nujoma, Dar. Matokeo yametoka: sapu tano, yaani masomo matano ya kurudia. Huyu mtoto hanywi, hana makundi, kutwa yuko na vitabu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, sheria siijui, ila najua mtu hapati 3.9 kwa bahati. Mliopita njia hiyo naombeni msaada: kosa liko chuo alichotoka, liko Law School, au ni yeye mwenyewe? Na nimsaidieje kabla hajarudia? Msimtukane tafadhali, humu anaingia.

#2 Nyundo ya Haki
Pole sana mzee. Law School ni machinjio, haijaanza na mwanao. 2022 walifeli watu 633 wote kasoro 26. Hapo bado mtu anasema tatizo ni wanafunzi?

#3 Karani wa Masjala
#2 weka hesabu sawa. Matokeo yaliyozua kelele Oktoba 2022 yalikuwa ya watahiniwa 633. Waliofaulu moja kwa moja 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, walioondolewa 265. Mwenye sapu hajafukuzwa. Aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe kuchunguza. Mzee, mwanao yuko kwenye kundi kama lile la 342, na mawakili wengi unaowaona mahakamani Kisutu wamepita humo humo, hawasemi tu.

#4 Nyundo ya Haki
26 kati ya 633 mkuu. Hata ukiipanga vipi hiyo hesabu bado ni aibu.

#5 Wakili wa Kata
Mzee Kihonda shikamoo. Nitakueleza kwa uzoefu wangu, maana nilipita na sasa nina vijana wa fildi ofisini.

Chuoni swali linakuja hivi: "Jadili dhana ya umiliki wa ardhi kwa kurejea kesi." Kijana anamwaga aya kumi za maelezo, anataja kesi sita, anapata B+. Law School anapewa karatasi yenye mambo ya mteja: kanunua kiwanja Kibaha, muuzaji kafariki, mtoto wa marehemu kauza tena kwa mtu mwingine, hati iko benki. Halafu anaambiwa: andaa nyaraka ya kufungua mahakamani. Sasa yule wa B+ anaanza kueleza historia ya Sheria ya Ardhi ya 1999! Hakuna aliyemuuliza. Anatakiwa ajue anakwenda mahakama ipi au baraza lipi, nani amshitaki nani, msimamizi wa mirathi yupo au hayupo, anaomba nini mwishoni. Ukikosea mahakama hayo mengine yote hayana maana hata kama Kiingereza chako ni cha Malkia.

Kwa hiyo mimi nasema 3.9 ni ya kweli na sapu tano ni za kweli. Vilipimwa vitu viwili tofauti.

#6 BintiPangani
Wakili wa Kata umeongea vizuri ila umeruka tembo aliyeko sebuleni: LUGHA. Nimesoma na watu wanaojua sheria kuliko mimi. Ukiwauliza kwa Kiswahili nje ya darasa wanakupa jibu mpaka unashangaa. Wakishika kalamu waandike kwa Kiingereza, sentensi inaanzia Tanga inaishia Lindi bila kituo. Chuoni waliponea kwa desa, wanakariri notisi neno kwa neno. Kwenye uandishi wa hati huwezi kukariri, kila mteja ana mambo yake.

#7 Kibwebwe
Halafu tangu Sheria Na. 1 ya 2021 lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili. Mnamfelisha mtu kwa lugha ambayo sheria yenyewe imeiweka pembeni?

#8 Karani wa Masjala
Haijaiweka pembeni kabisa. Sheria imeacha mlango, Kiingereza kinaruhusiwa pale utoaji haki unapokihitaji, na ukija Mahakama Kuu na ya Rufani huo mlango utaukuta wazi kutwa. Halafu hukumu za miaka yote iliyopita ziko kwa Kiingereza, nani atazitafsiri? Anayetaka kuwa wakili leo ajue zote mbili.

#9 Mzee wa Joho
Vijana mnalialia sana. Sisi wa kabla ya Law School (imeanza kupokea wanafunzi 2008) tulikuwa tunaitwa mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria, unakaa na suti yako ya kuazima, wazee wanakuuliza ana kwa ana. Hakuna desa hapo. Ulikuwa huwezi kuita sekretari akusaidie. Siku hizi vyuo vya sheria vimekuwa kama vioski, kila kona kipo, mhadhiri mmoja ana darasa la watu mia nne, atasahihisha insha za watu mia nne saa ngapi? Ndiyo maana anatoa maswali ya kuchagua jibu. Mtoto anamaliza LLB hajawahi kurudishiwa karatasi yenye wino mwekundu.

#10 Nyundo ya Haki
Mzee wa Joho na ninyi mlikuwa wangapi? Nchi nzima mawakili mnafahamiana kwa majina ya utani. Kufaulu usaili wa watu kumi na wawili si jambo la kutambia 😂

#11 Mzee wa Joho
Ningekuwa mmoja wa waliokusaili wewe, tusingekuwa tunabishana hapa.

#12 Mama Sapu
Jina langu linajieleza. Mnaongelea lugha na vyuo, hakuna aliyetaja NJAA.

Mimi nilisoma Law School nikikaa kwa shangazi Chanika. Natoka alfajiri, daladala mbili, nafika Mawasiliano miguu imevimba, darasani mpaka jioni, narudi usiku naosha vyombo ndiyo nifungue kitabu. Wenzangu wenye uwezo wamepanga Sinza, wanakutana kila jioni wanagawana kazi, mmoja anaandika hati ya madai, mwingine anajibu, wa tatu anakuwa hakimu. Mimi nasoma peke yangu kwa tochi ya simu. Wakati wetu mkopo wa Bodi kwa ajili ya Law School hakuna, bumu limeishia na LLB. Nilipata sapu nne. Niliporudia nilichangisha ukoo, nikapanga chumba na dada mmoja wa Mbeya karibu na shule. Zote nne nikapita. Akili ni ile ile, Kiingereza ni kile kile. Kilichobadilika ni kitanda na mtu wa kubishana naye.

Mzee Kihonda muulize kijana anakaa wapi na anasoma na nani, kabla hujamnunulia vitabu.

#13 BintiPangani
Pole dada. Ila na mimi nina mfano wa mtoto wa tajiri, gari analo, Mikocheni anakaa, kadisko, yaani kaondolewa kabisa. Njaa peke yake haielezi.

#14 Mama Sapu
Sijasema peke yake. Rudia kusoma. Ndiyo kosa la kwanza kwenye mtihani hilo.

#15 Wa Nakuru
Hamjambo majirani. Msidhani ni Tanzania pekee, huku Kenya tunalia vivyo hivyo. Kenya School of Law kule Karen inafundisha, halafu mtihani unatungwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Kwa hivyo watu wakianguka, kila upande unanyoosha kidole kwa mwingine. Karatasi ni tisa: alama 60 za kuandika, 20 za mradi, 20 za mdomo. Kisha uko na miezi sita ya kukaa chini ya wakili kabla uapishwe.

Mimi nilirudia mbili. Kilichoniokoa ni karatasi za mitihani ya zamani. Si kuzisoma, kuziandika kwa kalamu, saa iko mezani, simu iko chumba kingine. Mara ya kwanza nilimaliza maswali mawili tu kati ya manne muda ukaisha. Nikajua kumbe sheria ninaijua, kasi ndiyo sina. Kijana wa mzee ajaribu hiyo kabla ya kulaumu mtu.

#16 Karani wa Masjala
#15 hiyo ni nondo. Niongeze ya kwangu maana mimi niko masjala, nyaraka zenu zote zinapita kwa mikono yangu.

Kuna wakili kijana alileta maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Hoja nzuri kabisa, mteja alikuwa amelazwa, vyeti vya hospitali vimeambatishwa. Nikafungua kiapo, nikaenda moja kwa moja mwisho kama kawaida yangu. Jurati, ile sehemu ya mwisho inayoonyesha kiapo kimeapwa mbele ya nani, imeandikwa: "Kimeapwa na kutolewa mbele yangu na muapaji ninayemfahamu, leo tarehe 14..." Jina la Kamishna wa Viapo lipo, muhuri upo, sahihi ipo. MAHALI hakuna. Kifungu cha 8 cha sheria ya Makamishna wa Viapo (Notaries Public and Commissioners for Oaths Act), Sura ya 12, kinataka jina, mahali na tarehe. Nikamwambia, "Wakili, hapa ni wapi?" Akaniangalia kama nimemtukana, akasema pokea tu. Kazi yangu si kumkatalia, nikapokea. Upande wa pili wakaweka pingamizi la awali, maombi yakaondolewa. Neno moja tu, "Moshi", mteja kapoteza miezi.

Hilo halipo kwenye desa lolote. Mwambieni kijana aje mahakamani, akae masjala asome mafaili yaliyokwisha.

#17 Nyundo ya Haki
Si kuna kanuni ya oksijeni tangu marekebisho ya 2018? Mahakama zisifungwe na ufundi, ziangalie haki.

#18 Karani wa Masjala
Ipo, na wapo majaji wanaoruhusu kurekebisha. Wapo wasioruhusu. Wewe utampeleka mteja wako ukitegemea jaji ameamkaje?

#19 Wakili wa Kata
Maneno yamekuwa mengi, tufanye kazi. Ninyi mnaosubiri kurudia jibuni hili. Hati ya madai inasema:

*5. Kwamba tarehe 3 Machi 2024, huko Kariakoo, mdaiwa alipokea kutoka kwa mdai mkopo wa shilingi 45,000,000 fedha taslimu.*
*6. Kwamba mdaiwa amerejesha shilingi 12,000,000 tu, na salio la shilingi 36,000,000 halijalipwa mpaka leo.*

Mteja wako ni mdaiwa. Anakwambia alipokea milioni 30, si 45, na hizo 12 kweli amerudisha. Andika majibu ya aya ya 5 na ya 6. Mna siku 21 kisheria, mimi nawapa dakika 20.

#20 Kibwebwe
"Aya ya 5 na ya 6 zinakanushwa na mdai anatakiwa kuthibitisha kwa ushahidi madhubuti." Rahisi.

#21 BintiPangani
"Mdaiwa anakanusha kwamba alipokea shilingi 45,000,000 kama inavyodaiwa katika aya ya 5." Aya ya 6 naikanusha salio.

#22 Wakili wa Kata
Kibwebwe sapu. BintiPangani sapu ya karibu.

Someni Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kanuni ya 3 na ya 4. Ya 3 inakataza kukanusha kwa jumla, unajibu dai moja moja. Ya 4 imetaja mfano huu huu wa fedha: ukidaiwa umepokea kiasi fulani, haitoshi kusema hukupokea kiasi hicho. Useme hukupokea hicho wala sehemu yake yoyote, au useme ulipokea kiasi gani. Binti, jibu lako linaacha mlango wazi: hajapokea 45,000,000, je 44,999,000? Jibu ni: "Mdaiwa anakanusha kupokea shilingi 45,000,000 na anaeleza kwamba alichopokea ni shilingi 30,000,000 tu."

Hilo tu ndilo linalopimwa pale Sam Nujoma. Mtu anaweza kufundisha mada ya kukanusha madai saa nzima akashindwa kuandika mstari huu mmoja.

#23 Nyundo ya Haki
Yaani unamkiria mpinzani? Ukisema 30 na umerudisha 12, umeshampa hukumu ya milioni 18 mezani bila jasho. Mimi nakanusha yote, athibitishe.

#24 Mzee wa Joho
Wakati mteja amekwambia kwa mdomo wake kwamba amepokea? Uongo wa kwenye hati ya utetezi una sahihi ya mteja kwenye uthibitisho, na wakili aliyeandaa akijua naye ana maadili ya kujibia. Milioni 18 anazodaiwa kweli azilipe, wewe pigania 18 nyingine za uongo.

#25 Nyundo ya Haki
Mzee subiri, sijasema nidanganye. Nasema nisimpe mdai kazi rahisi. Kuna tofauti.

#26 Mzee wa Joho
Niandikie hiyo tofauti kwenye aya moja hapa tuione.

#27 Mzee Kihonda
Samahanini wasomi, mimi wa nje. Nawafuatilia kwa makini. Ila 45 toa 12 ni 33. Hiyo aya ya 6 imesema 36. Au sheria ina hesabu zake?

#28 Mama Sapu
😂😂😂 Mzee kawabwaga wote!

#29 Wakili wa Kata
Mzee Kihonda nakuvulia kofia. Niliitega makusudi, ofisini kwangu nawatega vijana hivyo hivyo na wengi wanapita juu yake, wamekazana na Kilatini. Aya zinazojipinga zenyewe ni zawadi kwa mdaiwa. Mzee wa Joho na wewe umesema "18 nyingine" kwa kufuata namba za mdai. Kwa aya yake mwenyewe ya 5 ni 15.

#30 Mzee wa Joho
Nilikuwa najibu hoja ya maadili, si ya hesabu.

#31 Nyundo ya Haki
Ahaaa.

#32 kijana_3.9
Mimi ndiye mwenye sapu tano. Mzee wangu kanianika mchana kweupe, shikamooni wote.

Niseme ukweli wangu. Lugha si shida yangu sana. Nyumba naishi Ubungo, nina nafuu kuliko dada Mama Sapu. Ila sikuwahi kushika faili. Fildi ya chuo nilipelekwa ofisi moja ya serikali wilayani, wiki zote nilikuwa napeleka barua na kutoa kopi. Law School niliona hati ya madai kamili, yenye mihuri, kwa mara ya kwanza. Darasani wenzangu waliokuwa makarani kwenye ofisi za mawakili walikuwa mbali sana, mmoja alikuwa na GPA ya 2.8 na kapita yote.

Na hilo swali #19 ningejibu kama Kibwebwe.

#33 Kibwebwe
Karibu kwenye chama mdogo wangu.

#34 Karani wa Masjala
Kijana, fanya hivi. Ingia tovuti ya TanzLII, ni bure, hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zimejaa. Chukua moja, soma sababu za rufaa na hoja za pande zote, ukifika pale mahakama inapoanza kuamua SIMAMA. Andika uamuzi wako nusu ukurasa. Halafu endelea ulinganishe. Utakasirika mara nyingi, ni kawaida. Na angalia toleo la sheria unalotumia: Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la 2023 limeanza kutumika Julai 2025, baadhi ya vifungu vimehama namba. Bado naletewa nyaraka zinazonukuu toleo la 2002.

#35 Mama Sapu
Na vituo vya msaada wa kisheria, LHRC, TAWLA, hata wasaidizi wa kisheria wa kata. Kaombe kujitolea siku mbili kwa wiki. Mtu anakuja analia, kafukuzwa kwenye nyumba ya mirathi, anakusimulia kuanzia utoto wake. Wewe umtolee humo ndani mambo manne ya kisheria. Hapo ndipo ubongo wa wakili unapofunguka.

#36 Mfungwa wa Posta
Mnamhimiza kijana apite haraka, aende wapi? Mimi niliapishwa, nikapiga picha na joho na bendi, ukoo ukaja na mabasi. Sasa nipo ofisi moja mjini, jina silitaji. Silipwi mshahara, napewa "nauli" bosi akikumbuka. Kesi ninaandika mimi, sahihi yake, ada yake. Ijumaa natumwa Bagamoyo kuomba ahirisho kwa pesa yangu. Mtaani wananiita wakili msomi, wananikopa.

#37 BintiPangani
Kwa hiyo hata kufaulu si kufaulu.

#38 Wakili wa Kata
Mfungwa, pole, na wapo wengi. Ila ahirisho la Bagamoyo usilidharau. Fika mapema, usikae nje kwenye benchi na simu. Ingia, sikiliza mashauri ya wengine mpaka lako liitwe. Kila siku andika kitu kimoja ulichoona: wakili fulani kamuuliza shahidi swali ambalo hakujua jibu lake, limemgeuka. Mimi daftari hilo ninalo mpaka leo. Na anza na wateja wako wadogo, mikataba ya pango, mirathi ndogo. Mjini mawakili wamebanana. Wilayani kuna mahali wananchi wanaandikiwa nyaraka na vishoka mpaka leo kwa sababu wakili hayupo. Ndiyo maana najiita wa Kata, na nyumba nimejenga.

#39 Mfungwa wa Posta
Wilaya gani hiyo mkuu? Njoo inboksi.

#40 Nyundo ya Haki
Mnaona sasa? Kijana ajitolee, afunge njaa, asome hukumu usiku, ahamie wilayani. Shule iliyolipwa ada imfanyie nini basi? Hakuna hata mmoja aliyenijibu tangu #4.

#41 Karani wa Masjala
Umejibiwa na watu sita, majibu sita tofauti. Chagua.

#42 Nyundo ya Haki
Hayo si majibu, ni pole.

#43 kijana_3.9
Mimi nimechukua la #15 na #34. BintiPangani na Kibwebwe, kama mpo Dar tukutane Jumamosi tuandikiane na kujibizana hati, mnasemaje? Mama Sapu uje uwe hakimu.

#44 Mama Sapu
Nakuja. Ugali uwepo.

#45 Ticha wa Laela
Nimesoma uzi wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari, umri 41, nina ndoto ya LLB kisha Law School. Nimechelewa?

#46 Kibwebwe
Hesabu unaweza?